KAZI YA MIKONO YETU: Kiti cha pikipiki na baridi ya mwezi wa saba



Mwezi huu ukurasa wetu unaleta jambo ambalo vijana wa Kolwezi, Fungurume na Kakanda wametuuliza zaidi ya mara moja. Namna gani mutu anaweza kutengeneza yeye mwenyewe kiti cha moto yake, kusudi kisimuumize mugongo, na kusudi asubuhi ya baridi kisiwe kama jiwe la mutoni? Wengine wanaongeza: "Baba, hatuwezi kutia waya wa kupasha joto ndani ya kiti, sawa vile wanafanya kule Ulaya?" Tutajibu maulizo yote mawili. Kwa la kwanza jibu ni ndiyo, tena ni kazi ya siku moja. La pili linaomba tukae chini na kufanya hesabu kwanza.

Baridi yetu si muchezo

Mutu asiyejua inchi yetu atacheka akisikia baridi na Kongo katika neno moja. Aje Kolwezi mwezi wa sita na wa saba! Muji wetu uko juu, zaidi ya mita 1400 kupita bahari. Wakati wa kiangazi mawingu hayapo, na joto la udongo linapanda usiku kucha na kupotea mbinguni. Asubuhi mapema kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10. Tena mwenye moto anajifanyizia upepo wake mwenyewe. Kama hewa ni digri 10 na yeye anakimbia kilometa 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama ni digri 5 ao 6.

Na ni nani anayepanda moto saa hiyo? Ni baba anayeenda zamu ya asubuhi, muchimbaji anayetoka Kapata ao Kasulo, mama anayefuata mboga mbele soko halijajaa, mutoto wa shule aliyebanwa katikati ya wakubwa wawili. Ni mama muja muzito pia, anayepelekwa hospitali saa tisa ya usiku kwa sababu gari hakuna. Kiti cha moto katika muji wetu kinabeba jamaa muzima. Kwa hiyo si jambo la urembo tunalozungumuza hapa.

Kiti kilichoanza kwa kilio

Kule Kanada, inchi ya theluji, watu wanatumia chombo kinachofanana na moto yetu. Hakina magurudumu: mbele kina mbao mbili za kuteleza, nyuma kina mukanda mupana wa mupira unaokamata theluji. Wenyeji wanakalia kiti kirefu kama chetu, na chombo kingine kina joto katika mikono ya usukani na hata katika kiti.

Chombo hicho kina historia ya uchungu. Katika muji mudogo wa Valcourt, jimbo la Québec, kulikuwa fundi wa garaji jina lake Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka 1934, katikati ya baridi kali, mutoto wake wa miaka 2 alipata ugonjwa wa tumbo uliohitaji kupasuliwa. Hospitali ilikuwa mbali, theluji ilikuwa imefunga njia, na gari la kupita juu yake halikuwa tayari. Mutoto akakufa. Baba yule alikuwa ameanza mbele kutafuta chombo cha theluji, na kisha musiba hakuacha. Mwaka 1937 alipata hati ya serikali kwa ufundi wake wa mukanda na gurudumu lenye meno. Magari yake ya kwanza yalibeba watu 7, kisha 12, na yalipeleka waganga, wagonjwa na watoto wa shule. Mwaka 1959 akatoa kile kidogo cha mutu mumoja ao wawili, jina lake Ski-Doo. Mumoja wa wale waliokipata kwanza ni padri mumisionari, Maurice Ouimet, aliyetumikia wenyeji wa kaskazini ya Ontario.

Tunawapa historia hii kwa sababu inatuonyesha ufundi unaanza wapi. Haukuanza kwa kutamani kitu cha jirani. Ulianza kwa mutu aliyeuliza: shida ya jamaa yangu ni nini, na mikono yangu inaweza nini? Nasi tuulize vilevile.

Tufanye hesabu ya umeme

Volti mara amperi ni wati. Kanuni hii fupi, vijana, muandike ndani ya kichwa.

Kitambaa cha kupasha joto kiti kinaweza kula wati 36 hivi. Betri ya moto ni volti 12. Gawanya 36 kwa 12: unapata amperi 3. Sasa angalia maandishi juu ya betri yako. Kama imeandikwa Ah 5, maana yake ni kwamba inaweza kutoa amperi 5 kwa saa moja. Kwa amperi 3 itamalizika kabisa kisha saa 1 na dakika 40. Lakini mbele ya kufika pale volti zitakuwa zimeshuka, na moto itakataa kuwaka kwa kidole.

Utasema: "Lakini injini inachaji betri." Ni kweli, lakini injini ndogo ya cc 100 ao 125 inatoa umeme kidogo, uliopimwa kwa taa zake na kwa mushale wa moto katika bujia. Taa ya mbele peke yake kwa kawaida inakula wati 35. Ukiongeza wati 36 za kiti, ni kama umefunga taa ya pili ya mbele. Wakati unaenda polepole katikati ya malori, injini inatoa umeme kidogo zaidi, na betri ndiyo inalipa deni. Pikipiki ya theluji ina injini kubwa yenye kutoa wati mamia. Haifanane na TVS ao Boxer yetu.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Kijana akiona betri inachoka, atafanya nini? Atazima taa ya mbele kusudi kiti kibaki na joto. Saa kumi na moja ya asubuhi, barabara ya Luilu, vumbi kama ukungu, watu wa miguu pembeni, na moto inakuja bila taa! Afazali baridi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kwa moto ndogo, usitie joto la umeme ndani ya kiti. Joto la mwili wako mwenyewe linatosha kama unajua kulilinda, na tutaonyesha namna gani. Kama uko na moto kubwa, na fundi amepima akakuta umeme unabaki, basi shika masharti haya:

– Tumia kitambaa kilichotengenezwa kwa moto, cha volti 12. Usitie hata siku moja waya wa resho. Waya ule unakuwa mwekundu, na sponji ya kiti inashika moto haraka sana na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Tangi ya mafuta iko mbele ya magoti yako!

– Weka fizibu karibu na betri, upande wa kujumlisha. Kwa amperi 3, fizibu ya 5. Usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kwa waya. Fizibu inakufa kusudi wewe usikufe.

– Umeme upite kwa kontakti, kusudi ukitosha ufunguo kila kitu kizimike.

– Waya usipite pahali chuma cha kiti kinauma. Uvalishe kampira.

– Zima joto mbele ya kutia mafuta, zaidi kama unanunua kwa bakadafi wa pembeni ya njia, pale petroli inamwangika chini.

– Joto dogo likikaa pahali pamoja saa nyingi linaweza kuchoma ngozi bila mutu kusikia, zaidi kwa mugonjwa wa sukari. Kiti kiwe na uvuguvugu tu, na kizimwe mara kwa mara.

Sasa tushike kisu: kutengeneza kiti

Kwanza, uliza mwenye moto. Vijana wengi wanaendesha moto ya mutu mwingine na kumupelekea pesa kila siku. Kiti ni cha mwenye mali. Usikipasue mbele yeye hajasema ndiyo.

Vyombo: ufunguo wa 10 na wa 12, turnavisi bapa, pensi, kisu kirefu chenye makali ao kipande cha msumeno wa chuma, makasi, kole ya viatu, na kile chombo cha kupiga agrafu. Vitu vya kununua: sponji ngumu, sponji laini, na simili, ile ngozi ya mashini wanayovalisha viti.

1. Tosha kiti. Mara nyingi buloni mbili zinakishika nyuma, ao kuna ufunguo pembeni. Weka buloni ndani ya kikombe, siyo juu ya udongo.

2. Tosha ngozi ya zamani polepole, agrafu moja moja. Usiipasue hata kama imezeeka. Ndiyo kipimo chako cha kukata ingine.

3. Angalia bamba la chini. Kama ni la plastiki na limepasuka, toboa tundu ndogo pande zote mbili za ufa na ulishone kwa waya mwembamba. Kama ni la chuma, sugua kutu na upake rangi. Kiti kizuri juu ya bamba bovu ni nyumba juu ya muchanga.

4. Pima sponji. Kama imelowa, ianikwe kwenye kivuli siku mbili ao tatu. Kisha ikandamize kwa nguvu na kisigino cha mukono. Kama unasikia bamba, pale sponji imekufa. Kwa kawaida ni pahali pawili: pale dereva anakaa, na pale abiria anagonga kila shimo la barabara.

5. Kata sehemu iliyokufa na ujaze sponji ngumu. Hapa watu wengi wanakosea: wanatia sponji laini ya matela juu na chini. Siku ya kwanza ni raha, na kisha wiki moja unakaa tena juu ya bamba. Ngumu iwe chini, kwa sentimeta 2 hivi, laini iwe juu, sentimeta 1 inatosha. Pakaa kole pande zote mbili, ngojea dakika kama 10 mpaka isishike tena kidole, kisha gandamiza. Chagua pahali pazuri mara ya kwanza, kwa maana ikishikana haitoki.

6. Angalia muinuko. Viti vingi vinateremka kwenda mbele, na dereva anateleza mpaka tangi. Inua mbele sentimeta 1 ao 2 kusudi ukae sawasawa. Lakini usipandishe kiti chote zaidi ya sentimeta 3. Miguu yako yote miwili inapaswa kugusa chini moto ikisimama. Kijana mufupi asiyegusa chini ataangusha moto pamoja na abiria wake.

7. Chonga sponji kwa msumeno, polepole, kama mutu anayenyoa mutoto kichwa. Chimba kashimo kadogo pale mufupa wa mukia unakaa, na uzungushe pembe zote. Pembe kali inakata damu ya paja, na mguu unakufa ganzi.

8. Mupe mama fundi kazi ya kushona. Ngozi ya zamani ifunguliwe vipande, ichorwe juu ya simili kwa chaki, iongezwe pale sponji imepanda. Sindano iwe nene, ile ya kushona jinzi, na hatua za uzi ziwe ndefu. Hatua fupi sana zinatoboa simili kama karatasi ya timbri, na inakatika palepale. Mushono usipite katikati pale mutu anakaa, kwa maana maji ya mvua yataingia. Juu ya sponji, chini ya simili, lala karatasi ya plastiki.

9. Valisha kiti. Acha simili kwenye jua saa moja kusudi ilegee. Piga agrafu moja katikati ya mbele, moja katikati ya nyuma, moja kila upande. Kisha endelea ukivuta kidogo kidogo, mbele na nyuma, kushoto na kuume, vile wanafunga ngozi ya ngoma. Ukimaliza upande mumoja wote kwanza, mukunjo hautaisha. Agrafu zisiwe ndefu kupita unene wa bamba.

10. Kaa juu yake nusu saa mbele ya kukilipisha kazi. Mukalishe na mutu mwingine nyuma. Mugongo wako utakuambia kama kuna pahali pa kurekebisha.

Vijana wawili watatu wa parokia wakiunganisha vyombo, pamoja na mama mumoja mwenye mashini ya kushona, wamepata kazi. Moto hazikosi Kolwezi, na viti vinachoka kila musimu.

Joto lisilokula betri

Simili ni baridi asubuhi kwa sababu inakamata umande na kunyonya joto la mwili haraka. Basi mushonee kiti vazi la kutosha na kurudisha: kipande cha blanketi zito chenye mupira wa kukaza chini. Usiku unaingia nalo nyumbani, asubuhi linapanda likiwa kavu na lenye joto. Wakati wa mvua unaliacha ndani.

Mikono ndiyo inateseka kwanza, na mikono ndiyo inashika freni. Kamata mupira wa ndani wa gurudumu la gari, kata mifuko miwili mipana, uifunge kwenye gidoni kusudi mikono iingie ndani. Upepo hautapita. Jaribu kwanza moto ikiwa imesimama: freni ifike mwisho, gazi irudi yenyewe, mukono utoke bila kushikwa.

Kifua kilindwe. Gazeti la zamani chini ya koti linazuia upepo, na waendesha kinga wanajua ufundi huu tangu zamani. Usivae kilemba wala kitambaa kirefu kinachoning'inia, gurudumu litakivuta. Na kaski, ndugu zangu, inalinda masikio na baridi pia, pamoja na kichwa.

Dawa mbili za uongo

Ya kwanza ni lutuku. "Kidogo tu, ya kufukuza baridi." Pombe inafungua mishipa midogo ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia nje, na mutu anasikia moto usoni. Lakini joto lile ndilo linatoka. Ndani mwili unazidi kupoa, na mukono unachelewa kufika freni. Anayekunywa lutuku kwa ajili ya baridi amefungua dirisha la nyumba yake na kusema: sasa kuna joto.

Ya pili ni mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Baba amerudi na moto saa nne ya usiku, viungo vimekakamaa, anaingiza mbabula yenye makala na kufunga mulango. Makala inatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi, na jamaa nzima inaweza kulala isiamuke. Mbabula ikae inje. Pasha maji, kunywa chai, kula bukari ya moto, ingia katika blanketi. Ukikuta watu wamelala na mbabula ndani, fungua milango, uwatoshe inje haraka, na uwapeleke hospitali.

Joto ni neno la upendo

Mutume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, anamusemea mutu anayemutakia ndugu yake joto na shibe, halafu anamuacha aende bila nguo wala chakula. Anauliza faida yake nini. Tuna njia nyingi za kufanana na mutu yule. Tunapanda nyuma ya kijana aliyetetemeka tangu saa kumi, tunabishana naye juu ya mia tano, tunashuka. Tunapakia mama na watoto watatu juu ya kiti kimoja kwa kutafuta faida. Na mwenye moto anangojea pesa yake ya kila jioni bila kuuliza kama kiti kimepasuka ao kama taa inawaka.

Blanketi lililoshonewa kiti cha mutu mwingine ni kitu kidogo. Lakini mama muja muzito anayepelekwa usiku atalisikia, hata kama hatajua ni nani alishona.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa ao katika kikundi cha vijana

1. Ni nani katika nyumba yetu anatoka kwanza asubuhi? Tumemutayarishia nini juu ya baridi?

2. Mbabula yetu inalala wapi?

3. Dereva wa moto na mwenye moto: kila mumoja ana wajibu gani kwa kiti, freni na taa?

4. Katika parokia yetu, ni nani ana mashini ya kushona, na ni vijana gani wanaweza kujifunza naye?

Mukijaribu kazi hii, mutuandikie mulivyofaulu na pale mulikwama. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na awarudishe wote nyumbani salama.